Zimwi la bei nafuu na uzito wake

Wanaozisifu sinema za mazimwi za zamani husema wanakumbuka Cine Afrique na Majestic, majumba ya sinema ya Unguja. Kumbukumbu ni sehemu tu. Yale madude yana uzito, na uzito huo unapatikana hata ukipiga filamu kwa simu.

Katika filamu ya Kijapani Godzilla, ya 1954, mtu alivaa gamba la zimwi akaangusha nyumba za mfano, kamera ikapiga kwa kasi kubwa, halafu picha ikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Kifusi kinashuka taratibu, jicho linakubali kuwa kilichoanguka ni kikubwa. Hesabu yenyewe ni kipeuo cha pili cha kipimo. Nyumba ya Mji Mkongwe ya mita 12, ukiijenga kwa 1:25, inakuwa sentimita 48. Kipeuo cha 25 ni 5, kwa hiyo mwendo upungue mara 5: piga fremu 120 kwa sekunde, hariri kwenye 24. Wengi huiacha programu kwenye 30, kisha wanashangaa kwa nini nyumba imerudi kuwa boksi.

Na boksi tupu halivunjiki, linapinda. Lipake plasta nyembamba, iache ikauke vizuri, halafu kata kwa kisu upande wa ndani pale unapotaka ufa upite. Vumbi litoke kwenye udongo mkavu uliochekechwa. Bahari ya beseni achana nayo: tone la maji halikubali kudogoshwa, mtazamaji analijua papo hapo.

Gamba shona kwa sponji ya godoro, lakini kichwa kikae peke yake, mvaaji akivue bila kusaidiwa. Joto la Unguja halina mchezo.

Damu? Ile filamu ya wafu ya George Romero, ya 1968, ilitumia sharubati ya chokoleti kwa kuwa haikuwa ya rangi. Ya rangi inataka sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo; bila kakao inang'aa mno.

Usimwonyeshe zimwi mapema. Pemba, 1995, watu walilala nje makundi kwa makundi kwa hofu ya popobawa, jini anayesemwa kuwavamia watu usiku, na wengi wao hawakuwahi kumwona. Kivuli ukutani, mlango wa nakshi ukitikisika, basi.

Upigaji wote wa fremu 120 ufanyike uani, juani. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukuta wako utawaka na kuzima kila zimwi likipiga hatua.