Shingo, bega na mkono: unachokwenda kusomea Uingereza ukitoka Kusini

Wataalamu wa fiziotherapia wa Mtwara na Lindi wanaofikiria kuja huku Uingereza kwa masomo ya juu ya shingo, bega na mkono mara nyingi hutarajia kufundishwa namna ya kuialisha shingo mpaka ilie. Hilo lipo, ila ni sehemu ndogo. Muda mwingi unakwenda kwenye kutambua maumivu ya mkono yanatoka wapi, na nani hatakiwi kuguswa shingo kabisa.

Karatasi kwanza, maana ndipo wengi hukwama. Kuna shahada za uzamili za aina mbili zenye majina yanayokaribiana: moja humtoa mtu mwenye digrii nyingine na kumfanya mfiziotherapia, nyingine ni ya aliye mfiziotherapia tayari. Ukiwa na digrii ya fiziotherapia ya Moshi ukaomba ile ya kwanza, unalipa ada kurudia uliyokwisha kusoma. Stashahada peke yake kwa kawaida haikuingizi kwenye ya pili. Kufanya kazi huku kwa cheo cha mfiziotherapia lazima usajiliwe na HCPC, baraza la Uingereza linalosajili wataalamu wa afya, na wakikupima kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, wanataka 7.0, pasiwe na sehemu chini ya 6.5. Uliza pia kama kozi inafuata viwango vya IFOMPT, shirikisho la kimataifa la wafiziotherapia wa mifupa, misuli na viungo, vinavyodai angalau saa 150 za kutibu wagonjwa mbele ya msimamizi. Kwa maoni yangu, bila saa hizo bora ununue vitabu.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kuli wa Masasi, msimu wa korosho, anayesema bega linamuuma na kidole gumba kimekufa ganzi. Ugonjwa wa bega lenyewe hauleti ganzi ya kidole. Gumba hukupeleka kwenye mzizi wa sita wa mishipa ya fahamu ya shingoni, kidole cha kati wa saba, cha mwisho wa nane. Hakikisha kwa nguvu ya misuli: wa sita huinua kiganja, wa saba hunyoosha kiwiko, wa nane hufumba vidole. Ganzi inayomwamsha usiku akakung'uta mkono ndipo apate nafuu, anza kuitafuta kwenye kifundo cha mkono.

Kisha vipimo vinne vya mzizi kubanwa shingoni, visomwe pamoja. Shingo inageuka chini ya nyuzi 60 upande unaouma. Ukiilaza upande huo na kuikandamiza kwa nguvu ya kama kilo 7, maumivu yanashuka mkononi. Ukikivuta kichwa taratibu, yanapungua. Cha nne ni kuunyoosha mshipa wa fahamu, na hiki ndicho kinachoharibiwa zaidi. Zuia bega lisipande. Peleka mkono pembeni hadi nyuzi 90, kiganja kitazame juu, kunja kifundo na vidole kwenda nyuma, zungusha bega kwa nje, ndipo unyooshe kiwiko polepole. Dalili zikija, simama hapohapo, mwambie alaze shingo upande wa pili, halafu airudishe. Zikipanda na kushuka kwa shingo pekee, mshipa unahusika.

Makosa ni yaleyale: bega limeachwa lipande, mkono wa pili haukupimwa, au kuvutwa tu kumehesabiwa kuwa ugonjwa. Watu wengi wasio na ugonjwa huhisi kuvutwa. Unachotafuta ni maumivu yake mwenyewe, yale yaliyomleta. Kipimo hiki kisipoleta kitu, uwezekano wa mzizi kubanwa hushuka sana.

Asiyeguswa shingo ni yule anayeshindwa kufunga vifungo vya shati, anayepepesuka akitembea, na ambaye refleksi za miguu, yaani mruko wa mguu ukigongwa kwa nyundo, zinaruka kupita kiasi. Huyo uti wa mgongo wenyewe unabanwa: daktari leo, si wiki ijayo. Kizunguzungu chenye kuona viwili, ulimi mzito au kushindwa kumeza kinakuzuia vilevile. Homa za jioni, kukonda na shingo kukakamaa, fikiria kifua kikuu cha pingili.

Begani kuna mtego mmoja. Bega lililoganda halizunguki kwa nje, alizungushe mwenyewe au umzungushe wewe, na eksirei haionyeshi kitu. Muulize kuhusu ugonjwa wa sukari. Lakini aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, au mwenye kifafa, bega lake likikataa kuzunguka hivyohivyo, huenda limechomoka kwa nyuma. Eksirei ya mbele huweza kulipita. Omba ya pembeni kabla ya kuvuta chochote.

Huku mfiziotherapia wa ngazi ya juu huweza kuagiza picha ya MRI na kuchoma sindano ya steroidi, na tangu 2013 sheria inamruhusu kuandika dawa akishasomea. Usipange maisha yako ya hospitali za Ligula, Ndanda au Nyangao juu ya hayo. Kitakachokusaidia huko ni nyundo ya refleksi, mikono, na maswali ya kuuliza.

Tena kuna dozi ya kazi na mazoezi. Kumwambia mchonga vinyago wa Kimakonde, au mama anayetwanga kila jioni, "pumzika wiki sita" ni kumfukuza kliniki. Kama ni kano za bega zinazouma mkono ukipita katikati ya safari ya kuinuka, kati ya nyuzi 60 na 120, punguza muda wa tezo au mchi, usiuondoe. Mpe chupa ya maji ya lita moja, ainue mbele mpaka usawa wa bega, mara 10, apumzike, arudie mara tatu, akiruka siku moja katikati. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakiwa bado yamepanda kesho yake asubuhi, mwaga nusu ya maji. Mpe wiki 12 kabla ya kusema zoezi limeshindwa.