Mpaka nafsini mwangu

Jumapili, saa tatu usiku, Kisauni.

Jana tulifanya ibada ya arobaini ya Shangazi. Wageni wameshaondoka, sufuria za kukodi zimerudishwa, na nyumba imenyamaza. Nimebaki na neno moja ambalo limenikaa tangu siku ya maziko, na nimeona niliandike kabla halijanizoea.

Siku ile, kule Rabai, mhubiri alisimama kando ya jeneza akasema, "Msilie. Huyu si yeye. Hili ni ganda tu, mwenyewe ameshatoka." Alisema kwa nia njema, na watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Alfajiri ya siku hiyo nilikuwa nimemwosha mimi na wifi yangu. Nilikishika kiganja chake cha kushoto chenye lile kovu la mafuta ya mahamri, vidole vile vile vilivyonisuka nywele mpaka nikamaliza darasa la nane. Nikamfuta kati ya vidole, kimoja kimoja. Kisha baada ya saa nne naambiwa nilikuwa naosha ganda.

Shangazi aliondoka na ugonjwa wa kifua. Wiki yake ya mwisho alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, dirisha wazi hata upepo wa kusi ulipokuwa mkali. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko cha chai. Pale chini ya koo, kwenye kile kishimo kati ya mifupa miwili, ngozi ilikuwa inazama kila anapovuta pumzi, inazama hadi unauona mfupa ulivyo, halafu inapanda tena polepole. Uji ukimpalia alikuwa anapashika hapo hapo na kuniambia, "Rohoni, mwanangu. Umekwama rohoni."

Wazee wetu wa Pwani koo huliita roho. Ndiyo maana mpaka leo tunasema mwizi kamkaba mtu roho, na kila mtu anaelewa mikono ya mwizi ilikuwa wapi.

Kila usiku nilimsomea Zaburi, na aliyoitaka zaidi ni ya 69: "Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu." Miaka yote nilidhani hiyo ni namna tu ya kusema nina huzuni nyingi. Wiki ya pili baada ya maziko nilitoa ile kamusi ya Kiebrania niliyoinunua wakati nasoma chuo cha Biblia, nikatafuta. Neno lililo hapo ni *nefesh*. Limo kwenye Agano la Kale zaidi ya mara 700, na maana yake mojawapo ya zamani kabisa ni koo. Mtunga zaburi anasema maji yamenifika kooni, karibu nazama. Yona naye tumboni mwa samaki analia hivyo hivyo, kwamba maji yalimzunguka hata nafsini mwake, na mwani ukamzinga kichwa.

Nilikaa na ile kamusi mapajani muda mrefu. Shangazi, ambaye hakuvuka darasa la nne, alikuwa ameshika kwa mkono wake mahali ambapo Waebrania waliiweka nafsi.

Na haliishii hapo. Sisi tunasema fulani ana roho, maana yake mlafi. Mithali 23:2 inamwonya anayekula na mtawala ajitie kisu kooni kama yeye ni mlafi, na kwa Kiebrania huyo mlafi ni "mwenye nefesh". Neno letu nafsi lilitufikia kutoka Kiarabu, *nafs*, ambalo ni ndugu wa *nefesh*. Roho vilevile, Kiarabu *ruh*, ndugu wa *ruach* ya Kiebrania, upepo na pumzi. Tumekuwa tukitembea na maneno ya Musa mdomoni, sokoni Kongowea, bila kujua.

Sasa rudi Mwanzo 2:7. "BWANA Mungu akamfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia puani pumzi ya uhai, mtu akawa nafsi hai." Nimeisoma tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili na kila mara nilisikia kwamba Mungu alitia nafsi ndani ya mtu, kama mtu anavyotia maji mtungini. Haikuandikwa hivyo. Imeandikwa *akawa*. Mavumbi yakapata pumzi, na kilichosimama pale ndicho nafsi: puani, kooni, njaa yake, kiu yake, mikono yake. Kwa hiyo ile alfajiri niliyemwosha alikuwa Shangazi, nafsi iliyoishiwa pumzi, na nililia kwa haki. Yesu mwenyewe alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia machozi kabla ya kufika kaburini.

Alhamisi nilikwenda Mkomani kununua samaki. Mvuvi alikuwa anamwaga changu kwenye kapu, mmoja bado yu hai, mashavu yanafunguka na kufunga, wekundu wa ndani ukionekana kila yanapofunguka. Nilishindwa kuondoka. Katika Mwanzo 1:20 samaki wale wale wanaitwa *nefesh chayyah*, maneno yale yale aliyoitwa Adamu. Biblia yetu ya Union, ile iliyokamilika mwaka 1952, kwa samaki ikasema "chenye uhai", na kwa mtu ikasema "nafsi hai". Siwalaumu watafsiri, kazi yao ilikuwa ngumu. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba undugu ule upo. Vilevile kwenye Luka 12, yule tajiri anasema "Ee nafsi yangu, una vitu vyema vingi", na Mungu anamjibu "usiku huu wa leo wanaitaka roho yako". Kwa Kigiriki ni neno moja, *psyche*, mara zote mbili. Kile alichokuwa anakibembeleza kwa chakula ndicho kinachodaiwa. Ukibadilisha neno katikati, kisu kinapoteza makali.

Kwa kuwa nilikuwa Mkomani, nilipita penye kumbukumbu ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Yeye alikuja Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, na Juni ya mwaka huo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Julai, Rosine akajifungua binti, na homa ikawachukua wote wawili. Wamezikwa upande huu wa bara. Miaka miwili baadaye Krapf na mmisionari mwenzake Rebmann wakaanza kituo chao Rabai, huko huko tulikomlaza Shangazi. Najaribu kumwona mtu yule na karatasi zake, anatafuta Kiswahili cha pumzi ya uhai na cha mavumbi kurudi mavumbini, na hapo kando kuna kaburi bichi. Na mwenzake mezani ni Mwislamu anayeijua nafsi kwa Qurani. Kazi ya kulipatia neno hili la Biblia makao katika lugha yetu ilianzia hapa mjini, katikati ya msiba.

Jirani yetu wa ukuta wa pili, Bi mkubwa mmoja aliyenunua mahamri ya Shangazi kwa miaka zaidi ya ishirini, alikuja kuhani siku ya kwanza. Alinishika mabega akasema, "Kila nafsi itaonja mauti, mwanangu. Pole sana." Katika maneno yote niliyoambiwa wiki ile, hilo ndilo lililonituliza. Hakuniambia Shangazi hakufa.

Najua mistari mingine, na siikwepi. Yesu alimwambia mnyang'anyi, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Paulo alitamani kwenda akae na Kristo. Mathayo 10:28 inasema wako wauao mwili wasiweze kuiua roho. Mhubiri 12:7 inasema mavumbi huirudia nchi, nayo roho humrudia Mungu aliyeitoa. Naamini Shangazi yuko mikononi mwa Mungu usiku huu, wala si gizani peke yake. Ila sioni popote Biblia ikisema kwamba kuna kitu ndani yetu kisichokufa kwa nguvu zake chenyewe, kinachofurahi kuuvua mwili kama nguo kuukuu. Wazo hilo nililikuta kwa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, si kwa manabii. Mathayo huyo huyo, kwenye mstari huo huo, anasema yuko awezaye kuangamiza mwili na roho pia. Na 1 Timotheo 6:16 inasema ni Mungu peke yake asiyepatikana na mauti. Sisi tunashikiliwa tu. Zaburi 104 inasema akiiondoa pumzi yao, wanakufa.

Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya waliolala, tumaini analowapa ni ufufuo. Mwili. Sitamani kukutana na moshi wenye jina la Shangazi. Namtaka yeye, na kile kiganja.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia. Lakini usiku wake wa mwisho sijamwambia mtu.

Ilikuwa karibu saa nane. Zaburi ya 69 hakuitaka. Alinigusa mkono nikafunua 103, nikaanza, "Ee nafsi yangu, umhimidi BWANA, naam, vyote vilivyo ndani yangu." Alikuwa akiisoma na mimi. Sauti haikutoka, midomo tu, na alibaki nyuma yangu neno moja au mawili, kwa hiyo nikapunguza mwendo ili anifikie. Taa ya mezani ilikuwa upande wake. Kila alipofika penye "nafsi" nilikiona kile kishimo cha koo kinazama, kinatetemeka kidogo, halafu kinapanda.