Ova ya Mwisho, kwa Sauti Yangu

"Mama, mbona huyu amenyamaza? Sauti imekatika?"

Binti yangu alikuwa ameshaishika rimoti. Tulikuwa tunatazama kriketi: wiketi ilikuwa imeanguka, yaani mpigaji ametolewa, wachezaji wanarukiana mabegani, uwanja mzima umesimama, na mtangazaji kimya. Nikamwambia aiache rimoti, asikilize. Akasikiliza kidogo, akaniuliza tena: kama hana la kusema, analipwa kwa kazi gani? Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja ikanishinda, maana jibu lenyewe nililipata kwa Mjomba, jioni ya tarehe 3 Aprili 2016, na halikuwa fupi.

Mjomba, yule wa redio. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imekwisha kumnyang'anya nuru yote, lakini kriketi haikumnyang'anya. Hakuwahi kuijua kwa macho hata alipokuwa nayo. Aliijua kwa masikio, kwenye masafa mafupi, sauti ikija na kupotea, kupitia kipindi cha BBC cha Test Match Special, ambacho tangu 1957 kimejipa kazi ya kutangaza mechi mpira kwa mpira. Kwa miaka mingi mtu wake alikuwa John Arlott, aliyekuwa mshairi kabla hajawa mtangazaji, na aliyestaafu 1980 pale Lord's, uwanja wa kriketi wa London. Baada ya Arlott akawa mtu wa Tony Cozier, mtangazaji wa Barbados, na hapo hakuhama tena.

Jioni ile redio haikushika matangazo yoyote ya mechi. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni mipira sita), West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi, na Uingereza, uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, India. Mapema siku hiyo, kwenye nyasi hizohizo, wanawake wa West Indies walikuwa wamewafunga Australia na kuchukua kombe lao la kwanza. Mjomba alikuwa na furaha ya nusu siku, anaitafuta nusu iliyobaki. Tukawasha televisheni.

Uingereza walipiga kwanza, wakapata mikimbio, yaani alama, 155. Sehemu hiyo naipita haraka kwa sababu Mjomba hakuifurahia hata kidogo. Alisikia majina, alisikia sifa, alisikia "safi sana hiyo", lakini mpira wenyewe hakuupata. Mtangazaji mmoja alikuwa anapaza sauti kwa kila kitu, mpira wa mkimbio mmoja na mpira wa mikimbio sita vyote kwa ukelele uleule. Mjomba akasema huyo akifika ova ya mwisho atakuwa amemaliza sauti. Mwingine alianza kusimulia mechi aliyocheza yeye ujanani, na kabla hajafika mwisho wiketi ikawa imeanguka.

"Hawa wanaongea na wewe, binti yangu," akasema. "Mimi hawajui kwamba nipo."

Sikuona kosa lao kubwa, na nikamwambia. Mtangazaji wa televisheni ana mtazamaji mwenye macho. Akimwambia kwamba mpira umepigwa kuelekea kushoto anampotezea muda, kwani ameshauona. Richie Benaud, aliyekuwa nahodha wa Australia kabla ya kushika kipaza sauti, alifundisha kizazi kizima jambo hilo: kama huna cha kuongeza kwenye picha, nyamaza. Na alilifuata mwenyewe. Mwaka 2005, pale The Oval, London, siku yake ya mwisho kutangaza mechi ya Test, ile ya siku nyingi, nchini Uingereza, alikuwa katikati ya maneno ya kuwaaga watazamaji wakati mrushaji Glenn McGrath alipomtoa mpigaji Kevin Pietersen. Benaud akayakatisha maneno yake ya kwaheri, akaitangaza wiketi. Mpira ulitangulia, yeye akafuata.

Mjomba alikubali yote hayo, kisha akasema, "Basi na wewe nitangazie."

Nikaanza. Akanipa utaratibu, na alikuwa mkali nao kama mwalimu wa chuo. Kwanza kilichotokea: mikimbio mingapi, au wiketi. Kisha hesabu: jumla ni ngapi, imebaki mipira mingapi. Kisha mpira ulikwenda wapi. Mwisho kabisa, kama muda upo, ulipigwaje. Mimi kwa mazoea ya mwenye macho nilikuwa naanza na ulipigwaje, naye ananikatisha: "Yuko ndani au yuko nje?" Mtu asiyeona hawezi kufurahia uzuri wa pigo huku hajui kama mpigaji bado yupo uwanjani. Nikayashika hayo.

Kuna sharti jingine alilonipa, na hilo ndilo nililolifikiria sana baadaye. Mrushaji akianza kukimbia, nifunge mdomo. Nisiongee tena mpaka gongo la kupigia mpira lilie. Kwenye vijiti vya wiketi, vilivyo nyuma ya mpigaji, huwa kuna vipaza sauti vidogo, na Mjomba alikuwa anavitegemea kuliko alivyonitegemea mimi. Mpira ukigusa katikati ya gongo una mlio wake, ukigusa ukingo una mwingine, ukigonga pedi za miguuni ni mzito na hauna mwangwi. Alikuwa ananiambia kilichotokea kabla sijamwambia. Zimbabwe yupo mtangazaji anayeitwa Dean du Plessis, aliyezaliwa bila kuona, na ametangaza mechi za kimataifa kwa kusikiliza vipaza sauti hivyohivyo, anawatambua warushaji kwa vishindo vya miguu yao. Mjomba alipokuwa akimzungumzia alikuwa anakaa wima.

West Indies walianza vibaya. Joe Root, ambaye kazi yake hasa ni kupiga, alipewa mpira mapema mno, akawatoa Johnson Charles na Chris Gayle katika ova moja. Wiketi tatu kwa mikimbio 11. Marlon Samuels akasimama na kushikilia upande mmoja mpaka akafika 85 bila kutolewa, na mimi nikatangaza saa nzima, koo likakauka. Naenda moja kwa moja kwenye ova ya mwisho.

Mikimbio 19, mipira sita. Samuels alikuwa upande usiopokea mpira. Anayepokea ni Carlos Brathwaite, kijana ambaye hata mimi nilikuwa simjui vizuri. Mrushaji Ben Stokes. Nikampa Mjomba hesabu, nikampa walinzi walivyosambazwa mpakani, nikanyamaza.

Stokes akakimbia. Gongo likalia.

Mjomba akanyanyua mkono juu kabla sijafungua mdomo. "Hiyo imeondoka," akasema. Ilikuwa imeondoka kweli, mpira uliotua miguuni ukazolewa kwenda nyuma, upande wa mguu, yaani ule wa miguu ya mpigaji, juu ya mpaka wa uwanja bila kudunda. Mikimbio sita. Zimebaki 13, mipira mitano.

Wa pili. Mlio uleule, labda mkavu zaidi. Nikamwambia: sita, zimebaki saba, mipira minne, umekwenda mbele upande wa mguu, mlinzi ameutazama tu ukimpita juu. Nilisikia sauti yangu inapanda, nikaishusha kwa nguvu, nikikumbuka yule aliyemaliza sauti mapema.

Wa tatu, Mjomba hakunyanyua mkono. Aliinamisha kichwa, akageuza sikio kuelekea televisheni. Kelele za Eden Gardens zilikuwa zimefunika kila kitu na mlio haukutoka vizuri. Hapo alinihitaji kabisa. "Sita," nikasema. "Zimelingana. Imebaki mmoja tu wa kushinda, mipira mitatu. Umekwenda mbele, upande wa pili." Akashusha pumzi yote aliyokuwa nayo. Akaniuliza: "Walinzi wamesogea?" Nikamwambia wamesogea ndani kuzuia mkimbio mmoja. "Basi atawapita juu tena," akasema.

Akawapita juu tena. Na kabla sijasema neno, mtangazaji Ian Bishop akalisema kwenye televisheni. Alilitaja jina la Carlos Brathwaite kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba yuko kazini, akalitaja tena, akawataka wasikilizaji walikumbuke jina hilo.

Mimi nikaacha kutangaza. Hakukuwa na nafasi. Mjomba alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu, analirudia jina kama alivyolisikia. Kelele zilipopungua kidogo akakaa, na swali lake la kwanza halikuhusu ushindi. Aliniuliza: "Na yule kijana aliyerusha?"

Nikatazama. Sikuwa nimemwangalia. Stokes alikuwa amechuchumaa palepale kwenye pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, kichwa chini, wenzake wanamwendea. Nikamweleza Mjomba taratibu, naye akatikisa kichwa, akasema Cozier angemtaja huyo mapema. Hilo ndilo alilompendea Cozier tangu zamani: alikuwa anatangaza timu ya kwao Karibi bila kuwasahau waliopoteza, na aliweza kutoka kwenye kibanda cha redio akaingia cha televisheni akabadilisha usemi wake wote, huku maneno mengi, kule machache. Mjomba alisema watu wawili tofauti hawawezi kufanya kazi hizo mbili vizuri kama alivyozifanya yule mmoja.

Jambo hili sijalimaliza mpaka leo. Kwa utaratibu wote alionipa Mjomba jioni ile, sauti ya Bishop haikufaa. Haikusema mpira umekwenda wapi. Haikusema jumla. Asiyeona hakupewa chochote isipokuwa jina, tena jina alilokuwa analisikia kutoka kwangu ova nzima. Na bado hilo ndilo Mjomba alilolichukua. Nilimuuliza kwa nini, kwa sababu kwa kweli niliumia kidogo, nilikuwa nimehangaika. Akasema Bishop alikuwa mrushaji wa kasi wa Trinidad, aliivaa jezi ya West Indies, majeraha ya mgongo yakamkatizia mapema. Aliposikia ile sauti alijua kilichotokea kina uzito gani. Wewe umenionyesha mpira, akaniambia, yeye kanionyesha Karibi.

Nilijibu kwamba bila mpira hiyo Karibi asingeifika. Alicheka, akasema huenda.

Tarehe 11 Mei, mwaka huohuo, Tony Cozier alifariki, akiwa na miaka 75. Nilimsomea Mjomba taarifa. Alinyamaza muda, kisha akarudi kwenye ubishi wetu moja kwa moja, kana kwamba hatukuwa tumeuacha: akasema Cozier angekaa kwenye kiti cha Bishop siku ile angetoa vyote viwili, mpira ulipoangukia na uzito wa jina, na visingegongana. Nikamwambia haiwezekani, sekunde zile hazitoshi. Anayetafuta nafasi ya kutaja upande wa uwanja hawezi kupiga ukelele ule, na anayepiga ukelele ule hawezi kukumbuka upande. Akaniambia sikumsikiliza Cozier vya kutosha.

Nimemsikiliza sana tangu hapo, kila rekodi niliyoweza kuipata. Ni hodari kuliko wote niliowahi kuwasikia: hesabu inakuja bila kuitisha, walinzi wanasimama mahali pao kichwani mwako, na gongo likilia yeye kanyamaza. Sijapata rekodi yake hata moja inayofanana na sekunde zile za Bishop. Mjomba angesema sijaitafuta mahali panapostahili, nami ningemwambia anionyeshe.