Siku moja maishani mwangu: kusoma nota kwenye gari la matangazo, Paris

Saa 1 asubuhi

Nakaa Bobigny, metro namba 5 inapoishia, kwa hiyo asubuhi kiti sikosi. Magotini nimefungua kitabu cha nota cha Boléro, muziki alioutunga Maurice Ravel mwaka 1928. Kazi yangu ndiyo hiyo. Okestra inaporekodiwa kwa ajili ya televisheni, mwongozaji hukaa mbele ya skrini zake, na ubavuni pake hukaa mtu anayefuata nota na kumtajia anayekuja: "Klarineti, baada ya mizani nne... mbili... huyo." Mizani ni vipande vidogo vya mapigo ambavyo muziki hugawanywa. Nota nilijifunza Zanzibar, kwa fidla, wakati Paris hata sijaiwaza.

Nashuka Porte de Pantin. Philharmonie, ukumbi wa muziki tunakorekodi leo, iko palepale.

Saa 3

Jengo hili alilibuni Jean Nouvel, likafunguliwa Januari 2015. Linachukua watu wapatao 2,400, na wamekaa kuizunguka okestra pande zote, hata nyuma yake. Kwa msikilizaji ni raha kubwa. Kwetu maana yake ni kwamba kila unapotaka kusimamisha kamera kuna mtu amelipia kiti. Leo tuna kamera nane: nne zina wapigaji, nne ni ndogo, zinaendeshwa kwa mbali na zimepenyezwa katikati ya wanamuziki. Moja inatazama ngoma ndogo peke yake, kwa karibu mno, mpaka unaona ngozi ikitetemeka.

Saa 4

Mazoezi yanaanza na gari letu, lililoegeshwa nyuma ya jengo, linakuwa kimya. Mwongozaji ana orodha yake ya picha, aliyoiandika nyumbani kwa majuma kadhaa huku akisikiliza na kusoma: mizani hii, kamera hii, sura au mikono. Hapa hakuna kubahatisha. Ukingoja usikie filimbi ndipo uitafute, utawaonyesha watu mpigaji akiishusha mdomoni. Kamera inatakiwa ifike kabla ya sauti.

Boléro inalifunza hilo kuliko muziki wowote ninaoujua. Ngoma ndogo inapiga mdundo uleule mara 169. Juu yake wimbo unazunguka: filimbi, klarineti, basuni, na kuendelea, kila mmoja mizani 16. Katikati ya mmoja na mwingine kuna mizani mbili tu, yaani kama sekunde tano kwa mwendo alioutaka Ravel. Hizo sekunde tano ndizo zetu.

Kwenye saksafoni mwongozaji hakati picha. Wapigaji wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja wa saksafoni ya tenor (sauti nzito) na mmoja wa soprano (sauti nyembamba), na anataka kamera ihame taratibu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake ndani ya hizo sekunde. Tumeijaribu, ikachelewa. Tumeijaribu tena, mpiga kamera akaanza kuhama wakati mpigaji wa tenor bado anamalizia pumzi yake ya mwisho, ikakaa sawasawa.

Halafu tromboni, tarumbeta yenye mrija wa kusukuma. Mpigaji wake anakaa zaidi ya dakika saba bila kupuliza chochote, kisha anaingia peke yake, juu kabisa, midomo haijapata moto. Orodha inasema kamera namba tatu imtazame usoni tangu anapongoja. Wakati wa mapumziko akaja mwenyewe mpaka kwenye gari, akaomba kwa adabu asiwekewe kamera usoni kabla hajaanza. Mwongozaji akachukua kalamu, akafuta mstari. Nilifurahi sana. Picha ya mtu mwenye hofu ingependeza, lakini sisi tumekuja kumsaidia asikike.

Saa 7 mchana

Chakula, na hadithi zake. Mwongozaji wetu alianza kwa kuhariri picha mchana, na usiku akirekodi marafiki zake wa jazi kwenye vilabu vidogo, bila malipo. Anamtaja mara nyingi Bruno Monsaingeon, Mfaransa aliyekuwa mpiga fidla kabla ya kuwa mwongozaji, na aliyemrekodi mpiga piano Glenn Gould kwa miaka, hadi ile Goldberg Variations ya 1981. Anasema ukitazama kazi zile unamwona mtu anayejua vidole vinakwenda wapi. Nakubaliana naye. Kamera nzuri inanunuliwa, sikio halinunuliki.

Wenzangu wengine wanahesabu saa zao. Hapa mafundi na wasanii wasio na ajira ya kudumu wakitimiza saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, wanapata fidia ya siku ambazo hawana kazi. Bila mpango huo nusu ya watu walio kwenye gari hili wangeshaacha. Natamani wanamuziki wa kwetu wangekuwa na kitu kama hicho.

Saa 10 jioni

Nampigia ami Unguja. Anapiga fidla ya taarab tangu sijazaliwa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Leo mnamrekodi nani?"

Namweleza habari ya tromboni, anasikiliza mpaka mwisho. Kisha ananikumbusha jinsi kikundi chao kilivyorekodiwa zamani: bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, ikakatwa yote, na fidla zilipokuwa zinajibizana na kanuni, ala ile ya nyuzi nyingi, kamera ikabaki kwa mwimbaji aliyenyamaza na waliokwenda kumtuza. "Mikono yetu haijaonekana hata mara moja," akasema. Siku nikirudi kurekodi taarab, nitaanzia kwenye mikono hiyo.

Saa 2 usiku

Tunaanza. Picha ya kwanza ni ngozi ya ngoma, na ngoma tu. Mwongozaji ameamua okestra nzima isionekane hadi karibu na mwisho, pale muziki unapohama ghafla kutoka ufunguo wa C kwenda wa E, yaani wimbo wote unapanda juu. Kwa hiyo kwa dakika nyingi ni mdomo, vidole, pumzi, mtu mmoja mmoja. Mimi nahesabu kwa sauti ya chini, yeye anataja namba ya kamera, mwenzetu anabonyeza kubadili picha. Saksafoni zinapita vizuri. Tromboni anaingia safi, na kamera namba tatu inampata anapousukuma mrija mbele, mkono wote ndani ya fremu. Ndani ya gari mtu anapiga paja kwa furaha. Ufunguo unahama, picha pana inafunguka, na watu wote walioongezeka mmoja mmoja wako mbele yako kwa pamoja. Mwili unanisisimka.

Saa 4 usiku

Nyaya zinakunjwa, picha zinanakiliwa kwenye diski mbili tofauti. Nimeweka alama kwenye mizani ya 77, pale oboe d'amore, aina ya zumari, inapoingia, kwa sababu kichwa cha mpiga fidla kiliziba. Kesho asubuhi kwenye uhariri tutatafuta picha ya mazoezi ya kuweka hapo, kama mavazi yanafanana.