Ufafanuzi wa Biblia ulivyonipa Kiingereza, na ulivyoniaibisha

Kitabu nilikiokota Posta, pale Samora wanapotandaza vitabu vya mtumba. Ufafanuzi wa Biblia wa Matthew Henry, wa Kiingereza, mnene kama tofali, jalada limebanduka nusu. "Dada, hicho hakina mteja, nipe elfu saba tu." Nikampa tano.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na barua pepe za wateja zilijaa maneno ambayo Kiingereza changu cha kidato cha nne hakikuwahi kukutana nayo. Kamusi nilikuwa nayo. Neno nililolitafuta asubuhi, jioni limeshapotea.

Ufafanuzi ulinifaa kwa sababu maana nilikuwa nayo tayari. Nimekulia kwaya; mistari mingi ya Biblia ya Kiswahili iko kichwani. Siku moja kwenye daladala ya Mbagala nikakutana na "impute". Nikakumbuka Warumi 4:8, "ambaye Bwana hamhesabii dhambi." Basi, ni kumhesabia mtu jambo. Likakaa. Nikaanza daftari: neno, mstari wake kwa Kiswahili, na sentensi moja ya kwangu ya ofisini. Maneno matatu kwa siku. Niliwahi kujitutumua kumi, sikubaki na hata moja.

Lililonifurahisha kuliko yote ni "reconcile". Mhasibu wetu kila mwisho wa mwezi analitaja huku akihema, mimi naitikia tu. Nilipofika 2 Wakorintho 5, "huduma ya upatanisho", nikacheka peke yangu. Kumbe kitabu chetu cha fedha na taarifa ya benki vimekosana, yeye anahangaika kuvipatanisha!

Sasa aibu. Henry alifariki 1714, na Biblia anayoifafanua ni ile tafsiri ya Kiingereza cha kale, King James ya 1611. Hilo sikulifikiria. Nikamwandikia mteja wa Durban kwamba "peradventure" meli itatia nanga Ijumaa, kwa kuwa ndivyo Ibrahimu alivyosema akiiombea Sodoma: "Huenda wakawamo wenye haki hamsini." Bosi, ambaye hupata nakala, akaisoma kwa sauti ofisi nzima. Wiki ile niliitwa Mama Sodoma.

Hilo angalau linanuka uzee. Ya hatari ni yale yanayofanana na ya leo. "Prevent" ya 1 Wathesalonike 4:15 ni kutangulia, leo ni kuzuia. "Let" ya 2 Wathesalonike 2:7 ni kuzuia, leo ni kuruhusu. Hebu fikiria barua ya kontena lililoshikiliwa ikiandikwa kwa Kiingereza hicho.

Siku hizi neno jipya nalisubiri kwanza kwenye gazeti la Daily News au barua za wateja. Wiki tatu zikipita sijaliona, nalizungushia kalamu nyekundu: hilo ni la kanisani. Daftari sasa ni la nne. "Peradventure" nimelizungushia mara mbili.