Ndege wa Kirtland kati ya Michigan na Bahamas
Miongoni mwa ndege wadogo waimbao wa Amerika Kaskazini, sijui mwingine anayechagua makazi kwa ukali kama ndege wa Kirtland (Setophaga kirtlandii), mwenye uzito wa gramu 14 hivi, ambaye hutaga karibu pekee katika misitu michanga ya misonobari aina ya Pinus banksiana, hasa kaskazini mwa Michigan, jimbo la Marekani. Kiota hujengwa ardhini, kikifichwa na matawi yanayokaribia kugusa udongo. Miti ikipita miaka 20 hivi, matawi hayo hufa na ndege huhama. Zamani moto ndio uliofungua koni za misonobari, yaani matunda magumu yanayobeba mbegu, na kuotesha msitu mpya. Siku hizi watu hukata miti na kupanda mingine kwa zamu.

Majira ya baridi huyapitisha zaidi Bahamas, tena vichakani, jambo ambalo bado linanishangaza. Huko hatulii mahali pamoja: ukame unapokaza kuelekea Machi, matunda madogo hupungua, naye husogea penye chakula zaidi. Mvua ikiwa haba, huchelewa kurejea kaskazini na hulea makinda wachache. Marekani ilimwondoa kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini mwaka 2019, uamuzi ninaouona wa haki, mradi upandaji wa miti usikome.