Nilivyofundisha kwa mada bila kupoteza kusoma na hesabu

Nimefundisha madarasa ya chini kwa mtaala wa mada. Hakuna kipindi cha sayansi kikifuatwa na cha maarifa ya jamii; kwa wiki kadhaa kila kitu kinaingia chini ya jambo moja: maji, familia, wanyama, usafiri. Wazo lenyewe si geni. Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji, alifungua shule Brussels mwaka 1907, masomo akiyazungushia mahitaji ya mtoto kama kula na kujikinga na hali ya hewa. Uganda iliusambaza mtaala wa aina hii madarasa ya mwanzo mwaka 2007, watoto wakifundishwa kwa lugha ya eneo lao. Ufini haikuyafuta masomo. Tangu 2016 mtaala wake unataka kila mwanafunzi apate walau kipindi kimoja kirefu kwa mwaka cha kuchanganya masomo. Mimi moyo wangu uko kwenye njia hiyo ya Ufini.

Mada inanoga kwenye mazungumzo, hilo halina ubishi. Wiki ya maji nilileta chupa nyembamba na bakuli pana, nikamimina kila kimoja vikombe vilevile, watoto wakihesabu kwa sauti. Karibu wote wakasema chupa ina maji mengi zaidi. Mmoja, tuliporudia kuhesabu, akakubali vikombe ni sawa, kisha akaongeza: “Lakini ya chupa ni mengi, mwalimu.” Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alishaeleza kwamba kabla ya miaka kama saba jicho huishinda hesabu. Sasa hapo tulikuwa kwenye sayansi au hisabati? Kwa ratiba ya kawaida kengele ingelia ubishi ukiwa umepamba moto. Sisi tuliendelea.

Tatizo ni kusoma. Kusoma kuna ngazi zake: irabu, halafu ba, be, bi, ma, me, mi, na mbele sana ndiyo mbw na ng'. Mada haizijui ngazi hizo. Wiki ya wanyama inakuletea mbwa na ng'ombe siku ya kwanza, kwa darasa ambalo bado linahangaika na “mama”. Watoto wanatazama picha na kulitaja neno. Mgeni akiingia anasifu kwamba wanasoma. Funika picha, kimya.

Kwa hiyo nilikitoa kipindi cha kusoma nje ya mada. Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, silabi kwa mpangilio wake. Mada niliiruhusu kuchangia maneno ambayo silabi zake tumeshazipita tu. Wanyama wetu wa kusoma wakawa paka, popo, kima na sisimizi. Ng'ombe alibaki kwenye nyimbo na masimulizi, na hakuna mtoto aliyelalamika. Kazi ya ziada ilikuwa kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa nini kifundishwe lini, maana ilibidi niyachambue maneno ya kila mada mapema. Inachosha, sitaficha.

Hesabu haikunisumbua hivyo. Usafiri unakupa magurudumu ya baiskeli, na hapo kuzidisha kwa mbili kunaingia kwenyewe. Makumi na mamoja nilifundisha kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, bila kutafuta kisingizio cha mada.

Kwenye tathmini niliacha kutoa alama moja ya mada nzima. Daftari langu lilikuwa na safu mbili: mtoto anaeleza nini, na anasoma silabi zipi picha ikifunikwa. Kuna aliyeeleza vizuri ajabu jinsi mvuke unavyopanda na kugeuka wingu, huku b na d bado zinamchanganya. Alama ya jumla ingemficha, na madarasa ya juu, masomo yanapotengana na vitabu kuwa vinene, ndiko angegundulika kwa kuchelewa. Asubuhi nilimkalisha karibu na meza yangu kwa ajili ya silabi. Mada ikianza, yeye ndiye aliyekwenda ubaoni kuwaeleza wenzake.